Mabua ya Kasulu na Mafuta Yabakiayo Ardhini

Huenda msomaji akashangaa kuona makala ihusuyo mafuta ya petroli ikianzia Kasulu na Kibondo. Katika wilaya hizo hakuna kisima hata kimoja cha mafuta, na lile bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443, litokalo Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani karibu na Tanga, lapita mbali upande wa mashariki. Nyanda za juu za Kigoma zajulikana kwa mahindi, maharagwe, muhogo, kahawa na asali. Hata hivyo ni imani yangu kwamba mwalimu wa kemia wa huko, kwa vitu vilivyomzunguka, aweza kufundisha jambo ambalo wahandisi wa mafuta wa Afrika ya Mashariki hawana budi kulifikiria katika miaka ijayo. Na kwamba katika jambo hilo nchi zetu zaweza kukosea zikiiga tu yaliyofanyika kwingine.

Watu wengi hudhani kwamba mafuta hukaa chini ya ardhi kama maji ya ziwa, na kwamba kazi ya mchimbaji ni kutumbukiza bomba na kuvuta. Sivyo. Mafuta hukaa ndani ya vinyweleo vya mwamba, hasa mwamba wa mchanga, kama vile maji yakaavyo ndani ya tofali la kuchoma lililoloweshwa usiku kucha. Kisima kikichorongwa, shinikizo la asili husukuma sehemu ya mafuta nje. Shinikizo likipungua, maji huingizwa kwa pampu kupitia visima vingine ili yayasukume mafuta yaliyobaki. Baada ya kazi hiyo yote, kwa kawaida zaidi ya nusu ya mafuta hubaki pale pale yalipokuwa.

Tuangalie jirani zetu wa Uganda. Mafuta ya Bonde la Ziwa Albert, ambayo kuwapo kwake kwa kiasi cha kufaa biashara kulithibitishwa mwaka 2006, hukadiriwa kuwa mapipa bilioni 6.5, lakini yale yanayotazamiwa kutolewa ni takriban bilioni 1.4. Maana yake ni kwamba katika kila mapipa kumi, karibu manane hayatarajiwi kuliona jua. Mradi wa Tilenga peke yake ulipangiwa visima zaidi ya 400, na vingi miongoni mwavyo si vya kutolea mafuta bali ni vya kuingizia maji.

Kwa nini maji hayatoshi? Jibu lake laweza kuonekana darasani, na hapa ndipo asali ya Kibondo inapotufaa. Chukua vipande viwili vya plastiki ngumu iliyo angavu, utoboe kimoja katikati kwa msumari wa moto. Paka asali kati ya vipande hivyo, uvibane ili asali itandae kama duara jembamba. Kisha ingiza maji yaliyotiwa wino kwa bomba la sindano, polepole, kupitia tundu lile. Mwanafunzi atatarajia kuona duara la wino likikua na kuisukuma asali mbele sawasawa pande zote. Atakachokiona ni vidole. Maji huchomoza hapa na pale, hujigawa kama matawi ya mti, na mara kidole kimoja kikishafika ukingoni, maji yote yanayofuata hupita humo humo, na asali iliyo kati ya vidole huachwa. Jambo hilo lilielezwa kwa hesabu mwaka 1958 na wanasayansi wawili wa Uingereza, Saffman na Taylor, na mpaka leo linabeba majina yao.

Chanzo chake ni tofauti ya mnato. Kanuni iliyoanzia kwa mhandisi Henry Darcy wa mji wa Dijon, Ufaransa, mwaka 1856, kama inavyotumiwa leo, yatuambia kwamba kwa shinikizo lile lile, kimiminika hupita ndani ya mchanga kwa kasi ipunguayo kadiri mnato wake unavyozidi. Maji ni mepesi, mafuta ni mazito. Kwa hiyo maji hukimbia na kuyaacha mafuta nyuma. Wachimbaji hufurahi siku ya kwanza, halafu kisima huanza kutoa maji mengi na mafuta machache, na mwisho hutoa maji matupu huku mwamba ukiwa bado umejaa.

Dawa yake ni kuyafanya maji yawe mazito. Watu wengine hufikiri kwamba polima hutiwa kisimani ili kuyayeyusha mafuta au kuyalainisha. La. Polima huyagusa maji tu. Gramu moja au mbili za polima ifaayo katika lita moja ya maji huyafanya yawe na mnato mara nyingi kuliko ya kawaida, kwa sababu kila molekuli ya polima ni mnyororo mrefu sana unaojitandaza na kuzuia maji yasiteleze. Maji hayo husonga mbele kama ukuta badala ya vidole. Jambo hili si ndoto. Huko Daqing, China, limefanywa kwa kiwango kikubwa tangu mwaka 1996. Nchini Oman, ambako Kiswahili husikika katika nyumba nyingi, mafuta ya Marmul ambayo mnato wake ni takriban mara 90 ya ule wa maji yamekuwa yakisukumwa kwa maji ya polima tangu mwaka 2010, baada ya majaribio yaliyofanywa katika miaka ya themanini.

Polima itumiwayo zaidi katika kazi hizo ni poliakrilamaidi, ambayo hutengenezwa kutokana na mafuta na gesi zenyewe. Nyingine ni zanthani, ambayo hutolewa na bakteria. Selulosi iliyobadilishwa ni ya tatu katika foleni hii, na wala si vema kumficha mwanafunzi ukweli huo. Tangu miaka ya arobaini wachorongaji wameitia selulosi hiyo katika tope lao ili lisivujie mwambani na liweze kuinua vipande vya mawe. Lakini katika kusukuma mafuta imebaki zaidi katika maabara na majaribio. Nitaeleza kwa nini, na kwa nini nadhani sababu hizo hazitoshi kutufanya tuiache.

Kwanza tuijue selulosi yenyewe. Mwaka 1838 Mfaransa Anselme Payen aliitenga kutoka katika mimea ya namna mbalimbali akaona kwamba ni kitu kimoja. Pamba ni selulosi karibu tupu, yaani zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Mbao huwa na karibu nusu. Bua la mahindi huwa na zaidi kidogo ya theluthi. Mfano mzuri kuliko yote ni mmea wa muhogo ambao kila mtoto wa Kasulu anaujua. Mzizi wake ni wanga, na wanga ni mnyororo wa glukosi. Shina lake lina selulosi, na selulosi nayo ni mnyororo wa glukosi. Kimoja hupikwa kikawa ugali, kingine huchochewa chini ya sufuria kuupika ugali huo. Tofauti yao imo katika namna glukosi moja inavyoshikana na ya pili: katika wanga mnyororo hujipinda, katika selulosi hunyooka, na minyororo iliyonyooka hulala pamoja ikashikana kwa nguvu hata maji yasipate pa kuingilia. Ndiyo maana shati la pamba haliyeyuki linapofuliwa.

Ili selulosi iyeyuke, lazima minyororo hiyo itenganishwe. Kila glukosi ndani yake ina vikundi vitatu vya hidroksili. Wakemia hulowesha selulosi katika magadi makali, yaani hidroksaidi ya sodiamu, nayo huvimba. Kisha huitia asidi iitwayo monokloroasetiki, na sehemu ya zile hidroksili hubeba kundi jipya lenye chaji hasi. Chaji hasi husukumana, minyororo hufunguka, maji huingia. Hiyo ndiyo kaboksimethili selulosi, ambayo sokoni watu huiita kwa herufi tatu tu, CMC. Ilibuniwa nchini Ujerumani yapata wakati wa mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Imo katika dawa ya meno, katika rangi za ukuta, katika vidonge. Tena vikundi vingi vya kina mama wanaotengeneza sabuni ya maji huinunua kwa kilo, ingawa ni wachache walioambiwa kwamba unga ule mweupe ulikuwa pamba au mti.

Hapa naomba ruhusa ya kusimulia aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya wilaya ya Kasulu. Nilinunua unga wa CMC kwa mtengeneza sabuni, nikaukoroga katika maji hadi yakawa mazito kama mlenda, na nikawaambia wanafunzi kwamba tukiongeza chumvi yatakuwa mazito zaidi, maana nilikuwa nimewaona watengeneza sabuni wakitia chumvi mwishoni ili sabuni yao ishikamane. Tukatia chumvi. Uji wetu ukawa mwepesi. Nikaongeza, ukawa mwepesi zaidi. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliuliza kama chumvi ile ilikuwa mbovu, nami kwa kukosa jibu nikasema huenda.

Chumvi haikuwa mbovu. Mbovu ilikuwa fikira yangu. Kinachofanywa kizito na chumvi katika sabuni ni zile kemikali za povu, ambazo hujikusanya kwa namna nyingine kabisa. Katika CMC, sodiamu ya chumvi huzizunguka zile chaji hasi na kuzifunika, hata zisisukumane tena. Mnyororo uliokuwa umenyooka hujikunja kama uzi uliolegezwa, na mnato huanguka. Kalisi na magnesi hudhuru zaidi kuliko sodiamu. Na hili ndilo kosa la kwanza la CMC machoni pa mhandisi wa mafuta: maji ya chini kabisa ya ardhi, yaliyokaa na mwamba kwa mamilioni ya miaka, mara nyingi yana chumvi nyingi. Dawa iliyopo ni kutumia selulosi iliyobadilishwa kwa njia nyingine, kama haidroksiethili selulosi, ambayo haina chaji na kwa hiyo haijali sana chumvi.

Mwalimu wa Kasulu hana haja ya kuagiza maji ya chumvi kutoka mbali. Uvinza ipo katika mkoa huo huo. Uchimbaji uliofanywa huko na wanaakiolojia mwaka 1967 ulionyesha kwamba maji ya chemchemi zile yamekuwa yakichemshwa kupata chumvi kwa muda wa miaka 1,500 hivi, na chumvi hiyo ilisafirishwa kwa miguu hadi mbali sana na Uha. Darasa likiwa na chupa tatu, moja ya maji ya mvua, moja ya maji ya kisima cha shule, na moja ya maji yaliyokorogwa chumvi ya Uvinza, na kila moja ikatiwa kiasi kile kile cha CMC, wanafunzi waweza kupima mnato kwa kuhesabu sekunde zinazopita hadi bomba la sindano lisilo na sindano limwagike lote. Hicho ni kipimo cha kweli. Maabara kubwa hufanya jambo lile lile kwa chombo cha bei kubwa.

Kosa la pili ni joto, nalo halihitaji maneno mengi: kadiri mwamba ulivyo chini ndivyo ulivyo wa moto, na mnyororo wa selulosi hukatika upesi kuliko ile ya polima nyingine. Katika visima vifupi hasara hiyo ni ndogo.

Kosa la tatu ndilo kubwa, na ndilo ninalotaka kulitetea. Selulosi huliwa. Vijidudu vinavyoozesha majani shambani, na vile vinavyoufanya muhogo ulainike unapoloweshwa majini, vina jamaa zao wanaojua kukata mnyororo wa selulosi hata uliobadilishwa. Acheni chupa ya CMC dirishani kwa wiki moja au mbili, nayo itaanza kurudi kuwa maji, na harufu yake haitawafurahisha. Mhandisi husema kwamba polima inayooza kabla haijamaliza kazi ni fedha iliyotupwa, na kwa hiyo huchagua poliakrilamaidi, ambayo vijidudu huivunja kwa shida sana. Kwa upande wake anasema kweli. Lakini neno hilo lilisemwa kwanza katika nyika za kaskazini mwa China na katika jangwa la Oman, wala si kando ya maziwa yetu.

Sisi tumeweka visima vyetu wapi? Maji ya mradi wa Tilenga yalipangwa kuvutwa kutoka Ziwa Albert, na sehemu ya visima vyake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Maporomoko ya Murchison. Na ufa ule ule wa magharibi uliolizaa Ziwa Albert ndio uliolizaa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichoronga visima viwili katika bonde la Rusizi upande wa Burundi bila kupata mafuta ya kuchimbwa, lakini karibu na Rasi ya Kalamba upande wa Kongo mafuta yameonekana yakipanda yenyewe juu ya maji, na tamaa ya kutafuta haijafa. Ziwa Tanganyika hubeba takriban moja ya sita ya maji baridi yaliyo juu ya uso wa dunia na yasiyoganda, nayo hukaa humo kwa mamia ya miaka kabla ya kubadilishwa. Kinachomwagika humo hakiondoki katika maisha yetu wala ya wajukuu wetu. Mahali pa namna hiyo mimi naona kwamba polima inayooza ina thamani kuliko ile inayodumu, hata ikiwa itatuletea mapipa machache zaidi kuliko ambavyo ingeleta nyingine. Haifai kupimwa kwa kipimo cha pipa peke yake.

Najua majibu nitakayopewa. Wapo watakaosema kwamba Tanzania haina mafuta bali gesi, ile ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982, na kwamba somo hili ni la Waganda. Ni kweli hatujapata mafuta ya kufaa biashara. Lakini kila kisima, kiwe cha gesi, cha maji ya kijiji au cha mvuke wa ardhi, huhitaji tope la kuchorongea, na humo selulosi iliyobadilishwa haishindaniwi. Ni kazi yake ya kila siku. Aanzaye na tope la kuchorongea atakuwa na ujuzi siku ile mambo makubwa zaidi yatakapohitajiwa. Isitoshe, kwa miaka mingi taa za Kasulu na Kibondo ziliwashwa kwa majenereta ya dizeli, kabla ya gridi ya Taifa kufika katika miaka hii ya karibuni. Hakuna anayeweza kusema kwamba habari za mafuta hazikumhusu.

Wapo na wengine, nao ndio ninaowaogopa zaidi, watakaosikia neno selulosi na kwenda msituni na shoka. Miombo ya Kigoma imekwisha kupata mzigo mzito: kuni, mkaa, mashamba mapya, na mahitaji ya wakimbizi wa Nyarugusu na Nduta ambao hawakuchagua kuja kuikata. Kemia hii haihitaji mti hata mmoja. Yapo mabua ya mahindi yanayochomwa moto baada ya mavuno. Yapo magunzi. Katika vijiji vinavyolima pamba yapo mashina yanayong'olewa na kuchomwa kila mwaka kama wakulima wanavyoagizwa ili kuzuia wadudu. Asiyeweza kupata selulosi yake katika moshi huo hastahili kupewa kibali cha kuitafuta mahali pengine.

Sisemi kwamba kiwanda kijengwe Kibondo mwakani. Bua la mahindi lina lignini ambayo lazima iondolewe, na maji machafu yatokanayo na kazi hiyo ni meusi na yenye magadi. Yakiachiwa kuingia katika vijito viendavyo Malagarasi, tutakuwa tumelitetea ziwa kwa mkono mmoja na kulitia sumu kwa mwingine. Asidi ya monokloroasetiki nayo ni sumu kali ipenyayo ngozi, na mwalimu asithubutu kuwafanyisha wanafunzi kazi ya kutengeneza CMC katika maabara ya shule. Wanunue iliyo tayari, na wafanye majaribio ya mnato, chumvi na uozo, ambayo hayana hatari. Hata hivyo msomaji mwenye makini ameshaona jambo moja. Magadi makali na klorini, ambavyo ndivyo vinavyohitajiwa ili kuibadilisha selulosi, hupatikana kwa kupitisha umeme katika maji ya chumvi, somo ambalo kila mwanafunzi wa kemia hulisoma kabla ya kumaliza kidato cha nne. Mkoa una chumvi, mkoa una mabua, na umeme umefika. Kwa sasa chumvi ya Uvinza huenda katika vyungu, mabua huenda motoni, na unga mweupe huletwa katika mifuko yenye maandishi ya nchi za mbali.

Ninaloliomba kwa leo ni dogo. Shule moja ya Kasulu na moja ya Kibondo zipime, kwa muhula mmoja, ni siku ngapi CMC hukaa kabla ya kuoza katika maji ya mvua, ya kisima, ya mto na ya chumvi ya Uvinza, na ziandikiane matokeo. Kila shule iandike joto la asubuhi na la mchana, aina ya unga iliyonunua, na sekunde zilizohesabiwa kila baada ya siku mbili. Matokeo hayo yatakuwa na manufaa kwa mchorongaji wa visima vya maji mapema kuliko kwa mchimbaji wa mafuta. Kama chupa ya Uvinza itachelewa kuoza kuliko nyingine, kwa sababu vijidudu vingi havipendi chumvi, basi tutakuwa na fumbo jipya: maji yale yale yanayoudhoofisha mnato ndiyo yanayouhifadhi. Sijui yule msichana wa kidato cha tatu yuko wapi sasa, lakini ningependa aulizwe yeye kwanza.